Chini ya Batian, katika Nyumba ya Mawingo

Mlima Kenya huonekana na wanaoamka mapema. Siku nyingi za mwaka vilele vyake huwa wazi tangu kunapopambazuka hadi saa tatu hivi za asubuhi. Baada ya hapo jua huwa limekwisha kuipasha joto misitu ya mitarakwa na mianzi inayouzunguka, unyevu hupanda, hugeuka wingu, na wingu hutambaa juu mpaka likafunika kila kitu kilichozidi kimo cha miti. Anayefika Nanyuki adhuhuri huonyeshwa kwa kidole mahali mlima ulipo, akaambiwa asubiri kesho. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni hoteli gani ya milimani katika Afrika Mashariki inayostahili safari ndefu, humtajia ile ambayo baraza yake, bustani yake na madirisha ya vyumba vyake vimeelekezwa kwenye saa hizo chache za asubuhi: Mount Kenya Safari Club, kilomita chache kutoka mjini Nanyuki, mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwigizaji William Holden aliweka moyo wake mwaka 1959 na hakuuondoa tena.

Nilipofika mara ya kwanza, mzee mmoja mtunza bustani alinikuta jioni nimesimama nikiutazama ukuta wa wingu. Nikamwamkia. Akaniitikia, kisha akasema, "Kesho uwe hapa saa kumi na mbili, mwanangu. Ukingoja chai, umeukosa." Nikamtii. Asubuhi hiyo baraza ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, nyasi zimelowa umande, na tausi wawili walikuwa wakitembea kana kwamba shamba ni la baba yao. Mlima ulianza kwa kuwa mweusi mtupu. Halafu ncha ya juu kabisa ikashika rangi ya waridi, ncha ya pili ikafuata, na rangi hiyo ikawa inashuka ubavuni kidogo kidogo mpaka ikagusa barafu, na barafu ikang'aa. Wageni wote waliokuwa barazani waliacha kuzungumza.

Ncha hizo mbili ni Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, na kati yake pana mwanya mwembamba wa barafu. Pembeni yao kuna Lenana, mita 4,985, ambayo mtu wa kawaida mwenye mapafu mazuri na kiongozi wa kumwongoza anaweza kuifikia kwa miguu. Majina yote matatu ni ya laiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na aliyeyaweka ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni mwa Batian mwezi Septemba 1899. Kwa Wakikuyu mlima ni Kirinyaga, makao ya Ngai, Mungu wao, na wazee waliposali walielekeza nyuso zao huko. Jomo Kenyatta alipoandika kitabu chake kuhusu mila za watu wake mwaka 1938, jina la mlima huu ndilo aliloweka kwenye jalada. Huu ni mlima wa volkano iliyozimika zamani sana. Kile kinachosimama leo juu kabisa ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano. Udongo na mawe laini ya pembeni yameliwa na barafu na mvua kwa muda usiohesabika. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro ni kipana na cha duara, na hiki cha Kenya kimechongoka.

Njia ya kufika huku nayo ni sehemu ya raha. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 200. Ukipita Thika na kukaribia Sagana unakutana na wauza mchele wa pishori wa Mwea wamepanga magunia kando ya barabara. Mchele huo hulimwa kwa maji yanayoshuka kutoka mlima unaokwenda kuuona. Karatina ina soko lake kubwa, na pale ndipo pa kununua parachichi na ndizi za njiani, kwa sababu kinamama wa soko lile hawakuuzii tunda bovu wakijua unasafiri. Baada ya Kiganjo nchi inabadilika ghafla. Vilima vya kijani vya Nyeri vinaisha, ardhi inanyooka, nyasi zinageuka rangi ya dhahabu, na kama Mungu amekujalia siku nzuri mlima unajitokeza upande wa kulia na kukusindikiza hadi Naro Moru na Nanyuki. Hapo Naro Moru ndipo ilipopigwa filamu ya Born Free, iliyotoka mwaka 1966, kuhusu simba jike Elsa na familia ya Adamson. Virginia McKenna na mumewe Bill Travers walikuja kuigiza kati ya simba wa kweli, wakaondoka wamekuwa watetezi wa wanyamapori kwa maisha yao yote. Mlima huu umewabadilisha waigizaji wengi kuliko Holden peke yake.

Lakini nyumba ilikuwapo kabla ya waigizaji. Katika miaka ya 1930 tajiri wa Kimarekani, Rhoda Lewisohn, alikuja safari ya Afrika Mashariki, akapendana na rubani Mfaransa, Gabriel Prud'homme, na kwa pamoja wakajenga kwenye mteremko huu nyumba waliyoiita Mawingo. Ilikuwa nyumba ya mapenzi hasa, ya watu wawili waliotafuta mahali ambapo jamii za kwao zisingewafikia kwa maneno. Walichagua vizuri. Mtu anayesimama leo kwenye sehemu ya zamani ya hoteli, yenye kuta nyeupe, anaelewa kwa nini mjenzi aliyeweza kujenga popote duniani alikuja kujenga hapa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba ikanunuliwa na Abraham Block, mzee aliyeingia Kenya mwaka 1903 akiwa kijana maskini, na ambaye tayari alikuwa amekwisha kuinunua Hoteli ya Norfolk ya Nairobi mwaka 1927. Block akaigeuza Mawingo kuwa hoteli.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo ambacho siwezi kupita Nanyuki bila kukikumbuka. Wakati wa vita Waingereza waliwafunga mateka wa Kiitaliano katika kambi namba 354, hapo hapo Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliuona mlima asubuhi moja wingu lilipofunguka, akashindwa kuusahau. Yeye na wenzake wawili wakaanza kutengeneza vifaa vya kupandia kwa vyuma na kamba walizookota kambini. Picha waliyoitegemea kujua sura ya mlima ilikuwa lebo ya kopo la nyama. Januari 1943 wakatoroka. Hawakukimbilia nchi nyingine wala kutafuta njia ya kurudi kwao. Walipanda mlima. Batian iliwashinda, Lenana wawili kati yao wakaifika, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka wakiwa hoi kwa njaa, na wakarudi wenyewe kambini kuendelea na kifungo. Mlima ambao mfungwa mwenye njaa anatoroka ili auone kwa karibu, kisha anarudi gerezani akiwa ameridhika, hauhitaji mtu mashuhuri wa kuutangaza.

Hata hivyo watu mashuhuri walikuja, na kwa wingi. Holden, aliyezaliwa Illinois mwaka 1918, alikuwa kwenye kilele cha kazi yake. Alikuwa amecheza Sunset Boulevard mwaka 1950, akapata tuzo ya Oscar kwa Stalag 17, akasimama kati ya Audrey Hepburn na Humphrey Bogart katika Sabrina, na mwaka 1957 filamu ya The Bridge on the River Kwai ikampa jina dunia nzima, na pia fedha, maana mkataba wake ulimpa sehemu ya mapato. Mtu wa namna hiyo angeweza kununua kisiwa. Yeye, pamoja na Ray Ryan, mfanyabiashara wa mafuta kutoka Marekani, na mwenye benki wa Uswisi, Carl Hirschmann, walinunua hoteli ya Mawingo na mwaka 1959 wakaifungua upya kama klabu ya wanachama. Winston Churchill aliandikwa mwanachama. Bing Crosby pia. Kwa miaka mingi jina la Nanyuki lilitajwa kwenye meza za Hollywood pamoja na Monte Carlo na Acapulco, jambo ambalo wazee wa mji huu wanalikumbuka kwa fahari, na wana haki.

Mwaka 1962 ikatoka filamu ya The Lion, iliyopigwa huku Kenya, Holden akiigiza pamoja na Capucine na Trevor Howard. Haikuwa filamu yake bora; mtu anayetaka kumjua Holden kama mwigizaji aanze na Sunset Boulevard. Lakini miaka hiyo sinema ilikuwa imekwisha kuipenda Afrika Mashariki. Miaka kumi kabla, John Ford alikuwa amewaleta Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly kupiga Mogambo katika Kenya, Tanganyika na Uganda. Wengi wa nyota hao walikuja, wakapiga picha zao, wakaenda. Holden alibaki. Ninaamini tofauti ilikuwa hii: maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mtu wa kutazamwa, na hapa alipata mahali ambapo yeye ndiye mtazamaji. Tembo anayevuka msitu hajui Oscar ni nini. Mlima saa kumi na mbili asubuhi hauna habari na nani amekaa barazani.

Ukiingia leo unaona kwa nini klabu ilifaa kwa watu waliotaka kupumzika. Bustani ni kubwa, yenye miti ya zamani na mabwawa madogo ambamo kongoti, kwarara na korongo wenye taji hutua bila woga. Kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Mstari wa ikweta unapita ndani ya eneo la hoteli, umechorwa, na mgeni anaweza kula mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini. Vijana wa mjini Nanyuki huonyesha watalii maji yakizunguka ndani ya beseni upande huu na upande ule wa mstari. Mchezo ni mzuri na vijana wanajua kuuongoza, ingawa mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji machache kama hayo. Maajabu ya kweli ya ikweta ni jua lenyewe. Katika siku za mlingano wa usiku na mchana, Machi na Septemba, jua la saa sita mchana husimama wima juu ya kichwa, na kivuli chako chote kinaingia chini ya miguu yako. Na katika mahali hapa hapa, chini ya jua hilo, unavaa sweta.

Kwa kuwa usiku ni wa baridi kweli. Kitu ninachokipenda kuliko vyote katika hoteli hii hutokea giza linapoingia. Mhudumu hubisha hodi, huingia na kapu la kuni, hupiga magoti mbele ya meko ya chumbani na kuanza kazi yake bila haraka. Kwanza vijiti vyembamba vikavu, vimepangwa vikipishana. Juu yake vipande viwili vya kati, vimeachiana nafasi ya hewa. Gogo kubwa hulazwa nyuma kabisa, kwenye ukuta, ili lishike moto polepole na lidumu. Kisha kiberiti kimoja tu. Nilimuuliza mama aliyeniwashia kama hakuna siku kuni humgomea. Akatabasamu. "Kuni zikikauka na hewa ikipata njia, hazigomi. Wageni huzijaza mno." Harufu ya mtarakwa ikajaa chumba. Baadaye, nilipovuta blanketi, nikakuta wameweka chupa ya mpira yenye maji ya moto miguuni mwa kitanda. Kuna hoteli zenye mali nyingi zaidi kuliko hii na zisizojua jambo hili dogo, kwamba mgeni hupenda kushughulikiwa na mtu anayeijua kazi yake.

Sifa za mahali zisiwe za kufumba macho. Ardhi hii ya Laikipia ilikuwa malisho ya Wamaasai, na serikali ya kikoloni iliwahamisha kwenda kusini kati ya 1911 na 1913 ili kuwapa nafasi walowezi. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913, na mahakama ikasema haina uwezo wa kuisikiliza kesi yao. Miaka arobaini baadaye msitu ulio juu ya hoteli ulikuwa uwanja wa vita. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliwaongoza wapiganaji wa Mau Mau wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954, na ndege za Uingereza zilimwaga mabomu juu ya miti hii. Klabu ilipofunguliwa mwaka 1959, sheria ya hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Nayasema haya kwa sababu msafiri wa Afrika Mashariki akikaa kwenye baraza hii anakaa mahali penye deni la historia, na kwa maoni yangu ni sababu zaidi ya kuja. Kwa muda mrefu uzuri huu ulikuwa nyuma ya lango. Sasa familia za Nairobi, Meru na Kampala zinakuja kusherehekea harusi na sikukuu papo hapo, na watoto wao wanakimbia kwenye nyasi zile zile.

Holden mwenyewe alibadilika huku. Klabu ilianza katika enzi ambayo safari maana yake ilikuwa bunduki, na watu wa hadhi yake walipimana kwa pembe walizotundika ukutani. Kufikia mwaka 1967 yeye, Don Hunt na Julian McKeand walikuwa wameanzisha shamba la wanyama lililopakana na hoteli, ambapo wanyama walilindwa na kuzalishwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani kabisa. Shamba hilo limekua, likawa hifadhi, na ndani yake kuna kituo cha wanyama yatima ambao mama zao waliuawa au kupotea. Hapo ndipo ninapowashauri wageni watumie mchana wao, wingu linapokuwa limeuficha mlima.

Na hapo utamwona bongo. Nimewaona simba na tembo mahali pengi, lakini bongo wa mlimani hunisimamisha kila mara. Ni swala wa msituni aliye mkubwa kuliko swala wote wa misitu. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 300. Rangi yake ni hudhurungi nyekundu iliyoiva, na ubavuni ana mistari myeupe myembamba, kumi na kitu kila upande, inayoshuka kutoka mgongoni kama chokaa iliyochuruzika. Dume na jike wote wana pembe zilizojipinda, na akitembea kwenye kichaka huzilaza pembe hizo mgongoni ili zisinase kwenye matawi. Masikio yake ni mapana, hayatulii. Ukisimama karibu na uzio bila kelele utaona jinsi anavyoyageuza, moja mbele, jingine nyuma, kabla hajathubutu kula jani la kwanza. Mistari ile myeupe, inayoonekana wazi mno mchana, ndani ya msitu wa mianzi hupotea kabisa kati ya miale ya jua na vivuli.

Bongo wa mlimani wanaishi Kenya tu, katika misitu ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Eburu, na waliobaki porini wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja. Waliangamizwa na wawindaji wenye mbwa, ukataji wa misitu na magonjwa ya ng'ombe. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengine walikamatwa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na waliofanya hivyo wakati ule waliona ni biashara halali. Historia ikageuka kwa namna ya ajabu: wakati wa huku nyumbani wakipungua, wa kule walizaana. Januari 2004 bongo 18, uzao wa wale waliochukuliwa, walipandishwa ndege Marekani wakaletwa Nanyuki, wakashushwa kwenye hifadhi hii chini ya mlima wa babu zao. Hawakuweza kufunguliwa mlango moja kwa moja. Mnyama aliyezaliwa kwenye bustani hajui chui, hajui kupe wa huku, hajui majani gani ya mlimani yanaliwa. Iliwabidi wazae, na watoto wao wazae, kila kizazi kikizoezwa kumwogopa binadamu zaidi ya kilichotangulia. Machi 2022, baada ya miaka kumi na minane ya kazi hiyo, bongo wa kwanza waliachiwa katika eneo la msitu la ekari 776, na eneo hilo limeitwa Mawingu. Februari 2025 wengine 17 walitua Nairobi kutoka Florida, safari hii wakiwa wa kupelekwa upande wa Meru wa mlima huo huo.

Holden hakuyaona haya. Alifariki Novemba 1981 nyumbani kwake Santa Monica. Mwaka uliofuata Stefanie Powers, mwigizaji aliyekuwa mwenzi wake kwa miaka mingi, alianzisha taasisi yenye jina la Holden, na hapa karibu na shamba kikajengwa kituo cha elimu ambapo wanafunzi kutoka shule za Laikipia, Nyeri na Meru huja kusoma juu ya maji, misitu, wanyama na nishati ya kinyesi cha ng'ombe. Ninathamini kwamba kumbukumbu yake haikuwa sanamu. Watoto wengi wa Nanyuki walioishi maisha yao yote wakiuona mlima kwa mbali walimwona bongo au duma kwa mara ya kwanza kupitia kituo hicho, na baadhi yao sasa ndio wanaowaongoza wageni.

Hoteli yenyewe ilipitia mikono mingi. Katika miaka ya 1970 ilimilikiwa na Adnan Khashoggi, tajiri Msaudia aliyejulikana kwa biashara ya silaha, ambaye pia alikuwa na shamba kubwa la Ol Pejeta upande wa pili wa Nanyuki. Vyote viwili baadaye vikaingia kwa kampuni ya Lonrho, na katika miaka ya 2000 hoteli ikachukua jina la Fairmont. Ol Pejeta ikawa hifadhi, na ukipata siku ya ziada usiiache. Pale ndipo alipokufa Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini, tarehe 19 Machi 2018, na pale ndipo wanapoishi Najin na Fatu, majike wawili wa mwisho wa jamii yao duniani. Pale pia kuna sokwe, waliopokewa kwanza mwaka 1993 kutoka Burundi vita vilipokaribia kituo chao cha Bujumbura.

Kitu kimoja zaidi juu ya mlima, kwa wasomaji wa pwani hasa, kwa sababu wengi hudhani mambo ya Nanyuki hayawahusu. Mnamo Desemba 1849 mmishonari Ludwig Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa na ambaye ndiye aliyeandika kamusi ya mapema ya Kiswahili, aliongozwa na chifu Kivoi wa Ukambani hadi Kitui, na kutoka huko akaiona theluji ya mlima huu. Alipoandika Ulaya, wataalamu walikataa kuamini kuwa theluji inaweza kuwapo kwenye ikweta. Wakamba na wenyeji wa mlima walijua tangu zamani. Theluji hiyo na mvua ya misitu hugawanyika. Vijito vya upande huu wa Nanyuki huelekea kaskazini, huingia Ewaso Nyiro, hupita Samburu na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari. Vya upande wa kusini na mashariki huingia Mto Tana, huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma, hunywesha mpunga wa Mwea njiani, na mwisho wake ni Kipini, ambako maji ya chumvi ya Bahari ya Hindi huyapokea. Mvuvi wa Kipini anatupa wavu kwenye maji ya Batian. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, imepungua mno katika miaka mia moja iliyopita, na sasa kuna mwamba mtupu mahali ambapo picha za zamani zinaonyesha weupe.

Atakayekuja achague Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, anga inapokuwa wazi zaidi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei hufunika kilele hata alfajiri. Bei ya vyumba si ya kila mfuko. Asiyeimudu anaweza kulala kwenye mojawapo ya nyumba nyingi za wageni mjini Nanyuki na kuuliza mapema kama siku hiyo wanapokea wageni wa mchana kwa chai au chakula. Alete sweta nzito, soksi na viatu vya kutembelea kwenye umande. Amwambie mhudumu amgongee mlango saa kumi na moja na nusu. Na kama ana watoto, awapeleke kwa bongo asubuhi hiyo hiyo mara tu mlima unapojifunika, kabla hawajaliona bwawa la kuogelea. Wanyama huwa bado wanakula, na walezi wao wana nafasi ya kujibu maswali, nao wanapenda kuulizwa.